Risasi Nilizombadilishia Lennart

Zawadi na Furaha, mliniomba niwaandikie habari za ile meza ya nyuma ya duka ninayowaachia, kabla sijasahau. Kusahau sijaanza, namshukuru Mungu. Majina yote yangali kichwani, hata ya wateja waliokuja mara moja wakaondoka na hasira. Lakini shule niliishia darasa la nne, kule Uvira, kwa hiyo nukta na mikato msivitafute mahali pake. Zawadi atanisahihisha tu, maana Wakenya hawalali bila kusahihisha Kiswahili cha Mkongo, na Furaha Mrundi wa watu atakaa katikati acheke.

Ya mshahara na cheo sitaandika. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua.

Nitaandika lile mnaloniuliza kila mara, kwa nini nawakataza kuondoa risasi iliyokwama kwenye kipimo kabla mwenyewe hajaja kuiona kwa macho yake. Mmedhani ni ukali wa kizee. Na mmeambiwa kwamba Lennart, yule wa kwenye picha juu ya mashine ya kahawa, aliumia kwa bahati mbaya. Nilikuwepo. Haikuwa bahati, na siwezi kuwaachia meza ile bila kuwaambia ilikuwa nini.

Nilifika dukani mwezi wa kwanza, theluji ya Sweden iko magotini. Ofisi ya kutafutia watu kazi ilinipa karatasi yenye anwani: eneo la karakana kule Akalla, kituo kimoja kutoka kwangu Husby. Walisema ni duka la vifaa vya uwindaji, kazi ni usafi. Mimi nikawaza makoti na buti. Nilikwenda kwa miguu. Mlango wa nyuma ulifunguliwa na Lennart mwenyewe, mzee mrefu, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akasoma jina langu kwenye karatasi, Espérance, akasema ni refu kwa duka dogo kama lile. Tangu siku hiyo nikawa Espe.

Nilifagia mbele, nikafagia ofisini, nikafika meza ya nyuma. Chini yake palikuwa na sanduku la mbao. Nililivuta, likapinduka. Yakamwagika maganda ya risasi, matupu, ya shaba, mamia. Nikakaa sakafuni. Maganda kama yale nilikuwa nimeyaona uani kwetu asubuhi tuliyoondoka Uvira, watoto wa jirani wakiyaokota kama njugu.

Lennart alinikuta pale. Hakuniinua wala hakuniuliza nina nini. Alileta kigoda, akakaa upande wa pili wa yale maganda, akasubiri.

"Espe, unataka nikwambie hakuna kazi, wakutafutie nyingine?"

"Hapana. Nataka kujua hiki ni kitu gani."

"Unakijua."

"Nakijua kwa masikio tu."

Akachukua risasi nzima kutoka mfukoni mwa koti la kazi, akaivunja vipande mbele yangu, polepole, kama mtu anayemenya yai. Akanionyesha viungo vyake vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, na kichwa mbele, ambacho ndicho kinachoruka. Ukishafyatua, ganda linabaki, nalo halifi kwa mara moja. Wawindaji na wapiga shabaha wa nchi hii wanaliokota, wanalisafisha, wanalirudisha umbo, wanalijaza upya, kila mtu zake mwenyewe na kibali chake mkononi. Duka letu halikuuza risasi zilizojazwa na sisi. Tuliuza viungo na vyombo.

Chombo kikubwa ni kalibu. Ninyi mnaiona kila siku lakini naandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu ndani, umbo la tundu ndilo umbo la risasi. Unaifunga kwenye mashine ya mkono, unasukuma ganda lililovimba, linatoka limekonda. Siku ile ya kwanza Lennart alinishikisha mkono wa mashine nikasukuma ganda moja. Nikalitoa, nikalishika. Lilikuwa na vuguvugu. Nilirudi nyumbani bila kumaliza kufagia, na kesho yake hakunisema.

Baada ya miezi mitatu alimwajiri mtu mwingine wa ufagio, mimi nikahamia mezani.

Namba zilinisumbua. Vipimo vya huku vina nukta katikati na tarakimu nyingi nyuma ya nukta, kama vile mbele hapatoshi. Nikatafuta njia yangu. Nilikata vitambaa vya kitenge, kila aina ya ganda na kitenge chake chini ya sinia: cha manjano, cha samaki, cha majani, cha macho ya tausi. Wateja walicheka. Lennart hakucheka. Baada ya wiki mbili nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Hizo zako ziko kwenye samaki, njoo uchukue."

Kupima nilijifunza kwa sikio. Kile kipimo cha chuma, chenye tundu sawa na chumba cha bunduki, risasi nzuri ikidondoka ndani inasema tii, na kitako chake kinakaa sawasawa na ukingo. Mbaya haisemi kitu. Inakwama juu imenyamaza.

Sasa nisikilizeni kwa kazi yenyewe. Lennart alinifundisha maswali matatu, na bila majibu ya maswali hayo hakuna kitu kinachoshuka rafuni. Una bunduki gani? Inajipakia yenyewe au unavuta bolti kwa mkono? Unakwenda kupiga nini? Swali la katikati ndilo lenye uhai wa watu ndani yake.

Bunduki ya bolti, yaani ya komeo la kuvuta, ina mkono wa mtu. Ukisukuma risasi iliyonenepa, mkono unahisi, unasimama, unaitoa. Inayojipakia haina mkono, ina pupa. Inatema ganda la kwanza, inachota risasi ya pili kwenye magazini, kile kisanduku chake cha risasi, inaitupa ndani kwa nguvu, yote kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo risasi yake lazima iingie yenyewe mpaka mwisho, isisukumwe na mtu. Na kalibu ziko mbili. Moja hurekebisha shingo ya ganda peke yake. Hiyo ni ya watu wa bolti, na wapiga shabaha huipenda sana, maana ganda linabaki limezoea chumba chake. Nyingine hubana ganda zima, shingo, bega na kiwiliwili, mpaka chini. Mwenye bunduki ya kujipakia apewe hiyo ya pili, hata akilia.

Vichwa navyo vina tabia zake. Cha bunduki hii kiwe na mfereji mdogo kiunoni, ili mdomo wa ganda ubanwe pale ushike. Kisiposhikwa, risasi ikigonga njiani kichwa kinarudi ndani, baruti inakosa nafasi, na baruti haipendi kubanwa. Ncha isiwe ya madini laini yaliyo wazi, inajikunja mlangoni. Na urefu uingie kwenye magazini bila kukwaruza. Vipimo vya baruti sitaandika hapa hata kimoja. Viko kwenye vitabu, na Lennart alikuwa akisema anayetaja kipimo cha baruti bila kufungua kitabu arudishwe nyumbani kwake akapumzike.

Mteja wa kwanza niliyemkatalia aliitwa Gunnar, mtu wa mabega, sauti yake inaingia dukani kabla yake. Alitaka vichwa vya ncha laini, masanduku mawili, kwa bunduki mpya ya kujipakia.

"Hivi havikufai," nikamwambia. "Chukua hivi vya ncha ngumu, vina mfereji."

"Mama, mimi nilikuwa nawinda kabla hujafika Sweden."

"Kweli. Na hiyo bunduki umeinunua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi nimefika kabla yake."

Lennart alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kikombe kikigonga sahani kwa kicheko. Gunnar alichukua vyenye mfereji, na miaka yote iliyofuata aliuliza kwanza, "Espe yuko?"

Kanisani mambo yalikuwa magumu kuliko dukani. Mama mmoja wa kwaya, Mama Solange, aliniuliza mbele ya sufuria za harusi, "Mama Riziki, ni kweli sasa unatengeneza risasi? Wewe?" Nikamjibu kwamba nauza vyuma. "Vyuma gani?" Vyuma vya kupigia älg, nikasema, yule mnyama mkubwa wa misitu ya huku mwenye pembe kama makoleo. "Na älg amekukosea nini?" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka, maana jibu lilikuwa refu. Ningesema nini? Kwamba kile kitu kilichonitoa kwetu sasa nakijua ndani na nje, na kwamba tangu nikijue nalala vizuri zaidi? Mtu hasemi hivyo akiwa na mwiko mkononi.

Miaka ikaenda. Kumi, kumi na nne. Nilifundishwa na mtu asiyepandisha sauti, na nilimpenda kama kaka mkubwa. Kila vuli alikwenda kuwinda na wenzake kaskazini, na bunduki yake mwenyewe ilikuwa ya kujipakia, ameitunza mpaka mbao zake zinang'aa. Risasi zake alizijaza kwenye meza yetu, saa za alasiri, mlango wa mbele ukishafungwa, redio ikinong'ona. Sanduku lake la bati lilikaa kwenye kona ya meza. Mwaka mzima alijaza kidogo kidogo, kama mama anayefuma.

Ilianza majira ya kuchipua. Mimi nilikuwa nafika saa mbili asubuhi, yeye saa nne. Asubuhi moja nilipangusa vumbi mezani, nikachukua risasi moja kutoka sanduku lake, nikaitia kwenye kipimo, bila sababu, mazoea ya mkono tu. Haikusema tii. Ilikwama. Nikachukua ya pili, ikaingia. Ya tatu, nikagusa kichwa chake kwa kidole gumba kikazama ndani ya ganda, taratibu, kama kifungo kwenye unga. Hakuibana. Lennart hakuibana shingo.

Nilipima sanduku zima. Zilizoharibika zilikuwa tatu.

Sasa hapa niwaambie tulivyolelewa, maana Furaha ataelewa na Zawadi atafanya kama haelewi. Baba mkwe wangu, marehemu Mzee Byamungu, alipoanza kupofuka, nyumba nzima ilijua na hakuna aliyesema. Sahani yake tuliisogeza mpaka iguse vidole. Vigoda tuliviondoa njiani kabla hajanyanyuka. Watoto waliambiwa wamsalimie kwa kutaja majina yao, kana kwamba ni heshima mpya imeingia. Mzee alikufa akiamini anaona. Na sisi tuliona tumefanya jambo zuri, na mpaka leo wanawe wakisimulia hulisimulia kwa fahari. Mkubwa humwambii "umeshindwa". Unamzungukia, unambebea upande usioonekana.

Basi zile tatu nilizitoa. Rafu ya juu kulikuwa na masanduku ya zamani ambayo Lennart aliyajaza mwenyewe miaka ya nyuma, ganda lile lile, kichwa kile kile, mkono wake ukiwa mzima. Nikachukua tatu humo nikajazia nafasi. Nilimnyang'anya Lennart wa sasa, nikamrudishia Lennart wa zamani. Yeye alipofika saa nne mimi napanga vitenge, na kahawa iko tayari.

Nilijiambia ni uchovu. Wiki iliyofuata zilikuwa tano. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, Jumanne hadi Ijumaa, kabla hata ya kuvua koti. Jumatatu sikufanya, maana Jumatatu nilikuwa nazunguka viwanja vya shabaha kukusanya maganda, narudi dukani baada ya saa sita. Lakini Jumatatu sanduku lilikuwa safi, nilikuwa nimelisafisha tena Ijumaa jioni yeye akishaondoka, na mwisho wa juma yeye hakuja dukani. Zile mbaya nilizivunja kwa ile nyundo ya kung'olea vichwa, nikavitawanya viungo vyake. Hazikuacha alama. Kazi safi. Nilikuwa hodari, mwalimu wangu alikuwa yeye.

Mwezi wa nane alipiga simu binti yake, Karin. Ninyi mnamjua kama bosi. Wakati ule alikuwa na kazi yake nyingine mjini na duka hakulijali.

"Espe, nakuuliza wewe kwa sababu uko naye kila siku," akasema. "Baba ameacha sufuria jikoni mara mbili mpaka zikaungua. Nikimwambia ananikasirikia. Hapo kazini yukoje? Vuli hii aende kuwinda, au nimzuie?"

Nilikuwa nimesimama na simu, mkono mwingine nimeshika risasi yake iliyokwama asubuhi hiyo hiyo. Niliificha mfukoni mwa aproni, kana kwamba Karin ananiona.

"Yuko sawa, Karin."

"Kweli? Niambie tu."

"Risasi zake nazipima mwenyewe. Sandukuni hakuna mbaya hata moja."

Tazameni maneno yale. Hamna uongo ndani yake hata kidogo. Sandukuni kweli hapakuwa na mbaya. Nimekaa nayo miaka yote hii na bado sijapata neno la kuyaita.

Karin alishusha pumzi. "Asante. Basi nitamwacha aende."

Nilikuwa nimepanga. Nilijiambia: nitamjazia sanduku la safari mwenyewe kwa zile za zamani, aende msituni na risasi njema, arudi, na baridi ikiingia nitatafuta njia ya kumwomba apumzike, labda kwa kusingizia mgongo. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu, kwamba Lennart alikuwa na nyumba yake.

Kule nyumbani, chini ya ngazi, alikuwa na mashine ya ujana wake, na kalibu ya bunduki yake ya kwanza, ya bolti, iliyotumia ganda lile lile. Ile ya shingo peke yake. Jumapili moja ya mwezi wa tisa alitaka kwenda uwanjani kurekebisha darubini ya bunduki kabla ya safari, akakuta risasi za nyumbani ni chache na sanduku liko dukani, akashuka chini ya ngazi akajaza ishirini. Akasahau kwamba kalibu iliyofungwa pale si ya bunduki hii. Au hakusahau, mkono ulikwenda wenyewe kwenye ujana wake. Wakati huo mimi nilikuwa Husby, kanisani, nimekaa safu ya tatu, nikiimba.

Waliokuwa uwanjani walisimulia. Risasi ya kwanza iliingia. Ya pili komeo la bunduki halikufunga mpaka mwisho, akalisukuma kwa kiganja, jambo alilowakataza watu maisha yake yote. Akafyatua. Ganda lilipasuka na moto ukarudi nyuma. Miwani yake ilikuwa imening'inia kifuani. Jicho la kulia lilikwenda siku ile ile.

Karin alinipigia saa kumi, ibada imeisha, tunaosha vyombo. Alisema tu, "Baba amelipukiwa na bunduki. Espe, ulisema yuko sawa." Hakukasirika. Ilikuwa kama anauliza. Nikamjibu kwamba nakuja, nikaondoka na mikono ina povu.

Alikaa hospitali, akarudi nyumbani. Wiki tano sikwenda kumwona. Nilikuwa naamka, navaa, nakwenda kazini, nafungua duka, nahudumia. Gunnar alileta maua ya kumpelekea Lennart, akaniachia mimi niyafikishe. Yalikauka kwenye ndoo. Mwishowe Karin alinipigia tena. "Baba anauliza uko wapi. Njoo Jumatano."

Jumatano nilikwenda. Lennart alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kitambaa cheupe upande wa kulia wa uso. Alikuwa amekonda, koti la nyumbani limemzidi. Nilimpa mkono, akaushika mwanzo pembeni, hewani, kisha akaupata. Karin alituwekea kahawa, akatoka kwenda sokoni. Naona alipanga hivyo.

"Espe," akasema, "kuna jambo silielewi. Nisaidie."

"Lipi?"

"Kalibu ya shingo. Mimi! Mtu akinijia dukani na kosa kama lile ningemnyang'anya funguo za gari." Akagusa kitambaa cha usoni. "Lakini hilo si jambo lenyewe. Nilijua kichwa kinanitoka. Nilijua tangu majira ya kuchipua."

"Ulijua?"

"Nani asijue kichwa chake? Karin aliponiambia nilimfokea, lakini nilijua. Ndipo nikajitafutia njia ya kujipima. Jumatatu, wewe ukiwa umekwenda kwenye maganda, nilikuwa nafika mapema. Nachukua sanduku langu, napima zote, moja moja. Nikajiwekea sharti: siku ikikwama moja, moja tu, naacha. Narudisha bunduki, sijazi tena, namwambia Karin alikuwa na haki." Alinyanyua kidole. "Haikukwama. Jumatatu zote zile, Espe. Majira ya kuchipua, kiangazi, mpaka vuli. Hata moja. Nikasema, basi, ni uzee wa kawaida. Mikono bado ninayo. Sasa niambie, mtu ambaye hakosei dukani hata mara moja, anakoseaje nyumbani hivyo?"

Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka nyembamba, haijaamua. Nilitazama kikombe changu. Ningeweza kusema sijui. Ilikuwa rahisi, hata ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Zilikwama," nikamwambia. "Nilizitoa."

Hakuelewa. Ikabidi niseme tena, kwa Kiswidi changu kile, neno kwa neno: nilipima kila asubuhi, nikatoa mbaya, nikatia za zamani. Nikaona uso wake, ule upande uliobaki, unayapokea maneno yale polepole mpaka yakafika.

"Tangu lini?"

"Tangu zile tatu za kwanza. Mwezi wa nne."

"Na mwisho?"

"Mwisho ilikuwa nusu ya sanduku."

Alitazama dirishani. Alikuwa akitazama kwa kugeuza kichwa chote, kama ndege.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mkubwa kwangu, Lennart. Ndiwe uliyenifundisha. Ningeanzaje?"

"Ungeanza kwa kusema Lennart, hii imekwama." Hakuwa anafoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Ningenuna wiki nzima. Kisha ningekuletea funguo za kabati la bunduki."

Nikasogeza kikombe changu pembeni.

"Unajua kwa nini sikukuuliza wewe?" akasema. "Nilifikiria kukuuliza. Nikasema hapana, Espe atanijibu kwa adabu. Nikauliza kipimo. Nilidhani kipimo hakina adabu."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba kwa Kiswidi, kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa sababu ule wa Kiswidi ulikuwa mfupi mno kwa lile jambo. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Karin aliporudi na mifuko yake alitukuta tumekaa, kahawa imepoa. Nilimwambia naye, pale pale nikiwa nimesimama na koti mkononi, maneno niliyomwambia baba yake. Aliweka mifuko chini. Akaenda jikoni, akafungua bomba, akaliacha limwage maji bila kuosha kitu. Mwaka mzima hakuniita Espe; aliniita kwa jina langu refu. Lakini hakunifukuza, na mnaona wenyewe duka amelishika.

Nilipokuwa mlangoni Lennart alisema kutoka kwenye kiti, "Njoo Jumatano ijayo."

Nikaenda Jumatano ijayo, na zilizofuata zote. Nilimsomea barua za wateja kwa Kiswidi changu cha kukwama, akanisahihisha. Tulizungumza vichwa vipya vya shaba tupu vilivyokuwa vinaingia sokoni, kama vitafaa bunduki za kujipakia au vitakuwa virefu mno. Aliuliza ya Gunnar. Aliuliza ya wajukuu zangu. Lile jambo hakuligusa tena hata mara moja, nami nilimngoja aliguse. Alikufa mwezi wa pili, akiwa usingizini, siku ya Jumanne.

Kwa hiyo sijui. Kila Jumatano alinikaribisha, akaninyooshea mkono, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia nije tena. Labda ule ndio uliokuwa msamaha. Au labda alikuwa amejifunza adabu kwangu.